Koo kuuma baada ya nusukaputi

SWALI: Mama yangu ana miaka 72. Alipotolewa kifuko cha nyongo kwa nusukaputi, aliamka koo linamuuma na sauti imekauka kwa siku mbili. Sasa anasubiri upasuaji wa nyonga, na hofu yake kubwa ni koo. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mpe pole mama. Kwa kawaida chanzo ni mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni. Karibu na ncha yake kuna puto linalojazwa hewa ili pumzi isivuje. Likijazwa mno, hubana utando laini wa ndani, damu isifike vizuri, na utando ukachubuka. Utando wa wazee mara nyingi huwa mwembamba na mkavu.

Kwa nyonga, ulizeni kwanza kama sindano ya ganzi ya mgongoni inamfaa, maana hapo mara nyingi mpira hauhitajiki kabisa. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, kwani zinaweza kuizuia sindano hiyo.

Ikibidi nusukaputi, mwelezeni mtaalamu wa usingizi yaliyotokea mara ile. Mwanamke mara nyingi hutoshwa na mpira namba 6.5 au 7 (upana wake wa ndani kwa milimita). Shinikizo la puto lipimwe kwa kifaa, libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji (ndicho kipimo cha shinikizo hilo). Kulibonyeza kwa vidole na kukisia hudanganya sana. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ikipigwa mshipani husaidia koo, ila hupandisha sukari, basi kama ana kisukari semeni mapema. Meno ya bandia yatolewe, na jino linalolegea litajwe.

Akizinduka, msimkimbilizie chai. Muuguzi akiruhusu, akae wima, aonje maji kijiko kimoja kimoja. Akipaliwa, acheni mara moja. Akishameza vizuri, asukutue koo kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu, kisha ateme. Parasetamoli huenda tayari anapewa kwa ajili ya nyonga, kwa hiyo msimwongezee. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni msimnunulie wenyewe: huumiza figo na tumbo la mzee.

Maumivu mengi huisha ndani ya siku tatu. Akipumua kwa mlio, akivimba shingo, akitema damu, akipata homa au akishindwa kumeza mate, arudi hospitali siku hiyohiyo. Sauti ikibaki imekauka zaidi ya wiki moja, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.