Seli haikutekwa nyara

Swali limetoka Wete, kwa kijana anayesomea afya ya mifugo: "Maalim, shikamoo. Naandika makala ya kuwaelimisha wafugaji juu ya bakteria wanaoletwa na kupe. Nimeandika kwamba 'bakteria huteka nyara seli mwenyeji', yaani seli anamoishi. Mwenzangu kalikata neno hilo kwa wino mwekundu. Je, nimekosea?"

Marahaba, mwanangu. Umekosea, na mwenzako mpe mkono kwa niaba yangu. Hili "kuteka nyara" limeniudhi miaka mingi. Lilikuwa la ndege na meli. Siku hizi mjadala unatekwa nyara, ajenda inatekwa nyara, na sasa zamu imefika kwa seli. Mwandishi akishaliona katika lugha ya kigeni hulibeba lilivyo, bila kuuliza Kiswahili kinaliona tendo lenyewe vipi.

Nyara ni ngawira, mali inayochukuliwa vitani. Na kuteka, mtoto yeyote aliyetumwa kisimani anakujua: unatumbukiza ndoo, unavuta kamba, maji yanatoka kisimani yanakwenda kwenu. Kilichotekwa huondoka kwao. Na mtu aliyetekwa nyara anajua katekwa, na jamaa zake wanajua.

Sasa mtazame bakteria aitwaye Anaplasma phagocytophilum, ambaye mwaka 1994 iliripotiwa huko Marekani kwamba humuuguza binadamu pia. Kupe akishauma, bakteria huyu huingia ndani ya nyutrofili, seli nyeupe ya damu ambayo kazi yake ni kuwameza na kuwaua vijidudu kama yeye. Haipeleki popote. Hujikalia ndani ya kifuko kidogo, akatuma protini iitwayo AnkA mpaka kwenye kiini cha seli. Protini hiyo hujishika kwenye DNA na kuzinyamazisha jeni zinazotengeneza silaha za kuulia vijidudu. Nyutrofili kwa kawaida haina umri mrefu, lakini hii hucheleweshwa kufa ili mkaazi wake apate muda wa kuzaana. Hata vitu vyake yenyewe seli huvimeng'enya, bakteria akala.

Tendo hilo lina jina kwetu: kughilibu. Shina lake la Kiarabu ni la kushinda. Sisi tumelivisha maana ya kumshinda mtu kwa hila.

Kwetu Konde, ukisikia "fulani kamghilibu mzee shamba lake", hakuna aliyefungwa kamba. Mtu alikuja na tende, akakaa barazani, akamwazima mzee pesa kidogo kidogo, wakaandikiana. Mzee bado analala nyumba yake. Msimu ukifika, mikarafuu anapanda yeye, karafuu anachambua yeye, jamvini anaanika yeye, wingu likitanda anakimbia yeye kuanua. Ukimpitia njiani anakwambia hajambo. Lakini gunia likijaa linakwenda ghalani kwa yule bwana wa tende. Mzee huyo ndiye nyutrofili. Yuko kwake, na kazi ni zilezile. Aliyebadilika ni anayefanyiwa kazi hizo. "Kuteka nyara" halina nafasi ya kuyabeba haya yote, na kwa hiyo linamnyima msomaji jambo lenyewe ulilotaka kumfunza.

"Seli mwenyeji" nalo silipendi. Mwenyeji wa Kiswahili humkaribisha mgeni. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyu mgeni kaja mwenyeji akaugua. Lakini vitabu vya biolojia vimeshalizoea na sina badala lililo fupi kama hilo. Liache.

Ila na kughilibu usikumwage kila mahali. Wafugaji wako wa Pemba wana ndigana baridi ya kuiogopa, ugonjwa wa ng'ombe uletwao na ndugu yake, Anaplasma marginale, anayeishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu ya ng'ombe iliyokomaa haina kiini, basi hakuna jeni za kunyamazishwa. Hapo andika tu kwamba "huingia na kuzaana ndani ya chembe nyekundu, na mwili ukaziharibu chembe hizo". Kisha mwambie mfugaji amfunue ng'ombe mdomo autazame ufizi. Akiuona umepauka, amwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.