Sare tunazo, mwalimu hatuna

Ndugu Mhariri, swali la wiki hii ni: mwanamuziki gani wa zamani ungependa vijana wa mtaani kwako wamsikie? Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na jioni mbili kwa wiki naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani. Jibu langu ni Marian Anderson, Mmarekani mweusi wa Philadelphia, aliyezaliwa 1897.

Wanaomtaja huanzia Pasaka ya 1939. Alinyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa ajili ya rangi yake, akaimba nje, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln, mbele ya watu 75,000. Sawa. Mimi narudi nyuma zaidi, enzi za usichana wake. Baba, muuza barafu na makaa, ameshafariki. Mama anafua nguo za watu. Chuo cha muziki kimemkataa, rangi ile ile. Waumini wenzake, nao hohehahe, wakachangishana ada ya mwalimu wa sauti. Mwalimu, si gauni!

Sauti yenyewe ni nzito, kontralto, ile ya chini kabisa kwa wanawake. Mara ya kwanza nilimsikia kwenye simu nikiwa naanua dagaa, rekodi inachakacha kama dagaa wakavu wanaomiminwa guniani. Alishuka chini kule ambako sisi wa sauti ya pili huwa tunanong'ona tu, yeye akakaa hapo kama yuko nyumbani kwake. Nikaacha kuanua.

Kinachoniuma ni Metropolitan, jumba la opera, yaani michezo ya kuigiza kwa kuimba, la New York. Lilimfungulia mlango Januari 1955, mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mhusika pale, akiimba kama Ulrica, mpiga ramli katika opera ya Verdi, mtunzi wa Italia. Alikuwa anakaribia miaka 58. Muulize yeyote anayeimba: koo la miaka 58 si la miaka 38. Watu husherehekea siku ile. Mimi naona deni lililolipwa jioni, duka linafungwa.

Kwetu mwaka jana tulichanga sare mara mbili, na video moja ya kuimba juu ya mawe ziwani. Niliposimama mazoezini kuomba tumlipie binti mmoja mwenye sauti nzito akajifunze nota na kupumua, mweka hazina akauliza, "Dada, hiyo ada itaonekana kwenye video?" Watu wakacheka, na binti mwenyewe akacheka. Nimeanza na elfu kumi yangu, iko kwenye kopo chini ya meza ya biashara. Juzi mama mmoja wa sauti ya kwanza kapita kununua dagaa, kaacha elfu tano na chenji hakutaka.