Nyerere Square saa saba mchana

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama maeneo ya wazi katikati ya miji inayokua, na mkaitaja Nyerere Square ya Dodoma, yaachwe yalivyo au wapewe wawekezaji wajenge. Jibu langu la haraka: wapewe. Ardhi ya mjini pale ni ghali, wamachinga wanahangaika pa kupanga bidhaa, na saa saba mchana uwanja wenyewe haukaliki. Anayebisha aende akakae pale mwezi wa kumi bila mwamvuli, halafu tuzungumze.

Ila swali linalonisumbua mimi ni jingine kidogo: alikusudiwa nani kukaa pale?

TANU, chama tawala wakati ule, iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, ikajipa miaka kumi. CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huo, ikaundwa mwaka huohuo, na mwaka 1976 kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, ikatoa mpango kabambe wa mji. Wachoraji wale walimfikiria mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli na abiria wa basi. Mwenye gari lake hakuwa mbele kwenye hesabu zao. Miaka kumi ikapita, ikapita mingine. Serikali ilianza kuhama kwa kishindo mwaka 2016 enzi za Magufuli, na mwaka 2017 CDA yenyewe ikavunjwa, hati za ardhi za miaka 33 zikawa za 99.

Katikati ya hapo wakaja wanafunzi. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianzishwa mwaka 2007 kule Chimwaga, ukumbi wa mikutano ya chama ukawa sehemu ya chuo. Jumlisha vyuo vya St. John's, Mipango na CBE, mji uliochorewa makatibu wakuu ukajaa wanachuo. Makatibu wakuu sijawahi kuwaona wamekaa Square. Wanachuo ndio waliikalia, hasa boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa.

Na boom lilikuwa limechelewa Jumamosi ile shangazi yangu aliposhuka kutoka Mpwapwa kuja kunitazama. Sikuwa na hela ya kumkaribisha hotelini, hata ya soda mbili. Nikamwambia tukutane kwenye sanamu ya Mwalimu, maana hata mgeni hawezi kuikosa. Nilimkuta ameshafika, amekaa kwenye kile kipande cha kivuli cha sanamu, mfuko wa rambo miguuni. Benchi zenye kivuli zote zilikuwa na watu. Kivuli kikisogea, naye anasogea. Mimi nikisogea nyuma yake na daftari zangu.

Swali lake la kwanza baada ya salamu: "Hapa wanatoza shilingi ngapi?"

"Hawatozi, shangazi. Ni bure."

Hakuamini. Alikuwa na fundo la hela kwenye pindo la khanga, na muda wote tuliokaa mkono wake haukubanduka kwenye lile fundo, akimsubiri mtu wa risiti. Kila aliyepita na sare, awe mlinzi wa benki au mwanafunzi wa sekondari, alimfuatilia kwa macho mpaka apotee. Akafungua mfuko: viazi vya kuchemsha na karanga za kukaanga. Niliona aibu, wenzangu wa darasani walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akaja mpiga picha, wale wenye sampuli za maharusi shingoni. Akataka fedha, shangazi akampa karanga. Wakabishana weee, mwishowe akapiga, kwa karanga na ahadi yangu kwamba boom likitoka nitamalizia. Picha ninayo mpaka leo. Shangazi kaonekana mzima mzima. Mwalimu kaishia kiunoni.

Tulikaa mpaka basi lake la jioni. Hakuna aliyekuja kudai kitu, na pale ndipo alipolifungua lile fundo akanipa zote, nauli tu akabakiza.

Sasa nikijiuliza leo ningempeleka wapi, Dodoma hii yenye treni ya SGR na maghorofa, jibu silioni. Kila kiti kina mhudumu anayeuliza utakunywa nini. Kwa hiyo ninayaondoa niliyoandika juu: msimpe mwekezaji hata pembe moja. Lakini siungi mkono iachwe ilivyo. Ipandwe miarobaini, ile inayoota kila uani Dodoma bila mtu kuibembeleza, badala ya mapambo ya kupigia picha. Maonesho na mahema yao wiki nzima yapelekwe viwanja vya Jamhuri au Nanenane. Wamachinga, hapo bado najikuna kichwa. Mwenye karanga ningemwacha, mwenye spika ningemtoa. Na wanaoujenga Mji wa Serikali kule Mtumba watuonyeshe kwenye ramani yao ni wapi mama aliyetoka Mpwapwa atakaa akisubiri faili lake.