Maswali na Majibu: Kuandaa Daftari la Kufikiri kwa Hoja

Swali: Ninaandaa daftari la mazoezi kwa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Je, sura ya kwanza ieleze aina za makosa ya kufikiri?

Jibu: Hapana. Anayejifunza majina ya makosa hayo huyaona upesi kwa jirani yake kuliko kwake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza umtake aandike uamuzi mmoja unaomkabili wiki hii, matokeo anayoyatarajia na tarehe, kwa kuwa jambo likishatokea kila mtu huamini kwamba alilijua tangu mwanzo.

Swali: Orodha ya faida na hasara inatosha?

Jibu: Inatosha ikiandikwa kwa subira. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley, aliyekuwa akisita kuhusu ajira mpya, kwamba yeye huigawa karatasi pande mbili, huandika hoja kadiri zinavyomjia kwa muda wa siku tatu au nne, kisha hufuta zile za upande huu zinazolingana uzito na za upande wa pili. Waandaaji wengi hubakiza pande mbili na kuzisahau siku hizo, nazo ndizo zenye faida kubwa, maana hoja za jioni ya hasira si zile za asubuhi.

Swali: Mbona makadirio yetu ya ujenzi hukosea kila mara?

Jibu: Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba mpangaji huutazama mradi wake peke yake na kuisahau miradi mingine iliyofanana nao. Weka jedwali la nyumba tatu za mtaani zilizokwisha kukamilika: muda ulioahidiwa na muda uliotumika kweli. Fundi akitaja miezi miwili, msomaji aanze na jedwali, kisha aongeze au apunguze kwa sababu anayoweza kuiandika.

Swali: Maendeleo yapimwe vipi?

Jibu: Kwa hesabu, wala si kwa kumuuliza mtu kama anajiona amebadilika. Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alipendekeza mwaka 1950 kipimo cha utabiri ambacho leo hutumika hivi: pengo kati ya utabiri na kilichotokea (1 likitokea jambo, 0 lisipotokea) huzidishwa kwa lenyewe. Aliyesema kwa asilimia 80 kwamba mkopo utarejeshwa, nao ukarejeshwa, huandikiwa 0.2 mara 0.2, yaani 0.04; usiporejeshwa, huandikiwa 0.8 mara 0.8, yaani 0.64. Alama ndogo ndiyo bora. Anayesema asilimia 50 kila mara hubaki na 0.25, hivyo mwenye wastani unaozidi hapo baada ya utabiri mwingi angepata alama nzuri zaidi kwa kukiri kila mara kwamba hajui.

Swali: Je, hisia ziachwe nje?

Jibu: La, ziandikwe. Hofu ya kumkopesha mtu fulani huenda ina sababu, na mstari unaofuata uiulize ni ipi.

Swali: Kurasa ngapi?

Jibu: Chache, na nyingi kati yake ziwe tupu.