Magari Mtaani Kwenu na Ustawi wa Vijana: Pima Kwanza, Kisha Dai

Magari yakitajwa kuwa hatari mtaani, mawazo hukimbilia ajali, na si bure: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ila yapo madhara yasiyofika polisi wala hospitali. Kijana ambaye hajawahi kuguswa na gari anaweza kuwa anaumizwa kila siku na barabara iliyo mbele ya nyumba yao. Usingizi wake unakatika, marafiki wanapungua, anajifungia ndani na simu, halafu anaambiwa ni mvivu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Mmoja ulipitisha magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Katika ule mtulivu, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki 3 mtaani humo. Katika ule wa magari mengi, hata mmoja hakutimia. Mtu mzima atapata marafiki kazini. Mtoto wa miaka 11 marafiki zake ni wale anaowafikia kwa miguu, na anapoambiwa "usivuke barabara", amenyimwa wenzake wote wa ng'ambo.

Kabla ya kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, pima. Hesabu magari na pikipiki zote zinazopita katika saa moja yenye pilikapilika zaidi, kisha zidisha kwa 10. Saa hiyo kwa kawaida hubeba kama asilimia 10 ya magari ya siku nzima. Kwa mwendo, pima mita 50 kwa futi ya utepe, weka alama mbili za chaki, na utumie saa ya simu. Gawanya 180 kwa sekunde ulizopata, utapata kilomita kwa saa: sekunde 6 ni 30, sekunde 4 ni 45, sekunde 3 ni 60.

Hapa wengi hukosea. Wanasimama na makoti yanayong'aa, madereva wanawaona na kupunguza mwendo. Au wanapima wakati wa foleni, ambapo hakuna anayeweza kukimbia. Kosa kubwa zaidi ni kutegemea wastani, maana unawaficha wanaokimbiza. Pima magari 100, yapange kuanzia la polepole, kisha tazama mwendo wa gari la 85. Namba hiyo ndiyo ya kupeleka mezani. Rudia usiku, barabara ikiwa tupu.

Kwa nini kupigania mwendo wa kilomita 30 kwa saa? Chukua mtoto anayechomoza kati ya magari yaliyoegeshwa, mita 15 mbele ya gari. Dereva huhitaji kama sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki. Kwa mwendo wa 30 kwenye lami kavu, gari husimama ndani ya takriban mita 13. Kwa mwendo wa 50, hiyo sekunde moja pekee inakula mita 14. Breki inaanza kushika, mtoto ameshagongwa.

Jibu la haraka la wengi ni matuta, na matuta mabaya yanaongeza tatizo. Tuta fupi lenye ncha kali humfanya dereva afunge breki, aruke, kisha akanyage mafuta kwa nguvu. Likiwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, kelele na moshi vinazidi kuliko mwanzo. Tuta zuri ni refu, kama mita 3.7, kimo chake sentimita 7.5 hadi 10, na linafuatiwa na jingine baada ya mita 60 hadi 100. Lipakwe rangi na kuwekewa kibao. Lisiloonekana usiku linaua waendesha pikipiki. Msijijengee wenyewe bila kibali. Hata hivyo, kama magari mengi ni ya watu wanaokwepa foleni ya barabara kuu, kuziba njia ya mkato kwa vizuizi vinavyopitisha miguu na baiskeli pekee kunashinda matuta kumi.

Ndani ya nyumba, mhamishie kijana chumba cha nyuma ikiwezekana. Pazia zito halisaidii sana, kwa kuwa sauti hupenya kwenye nyufa za dirisha. Ziba hizo kwanza. Njiani kwenda shule, achague mtaa wa pembeni hata ukiongeza dakika chache, na akisubiri kuvuka asimame hatua mbili tatu nyuma ya ukingo. Shule nayo ikataze magari kusimama getini injini ikiwaka. Utafiti wa Barcelona uliofuatilia watoto zaidi ya 2,700 katika shule 39 ulionyesha kwamba penye hewa chafu zaidi ya magari, uwezo wa kumbukumbu ulikua polepole zaidi.

Kisha wapeni vijana karatasi wachore mtaa wao: wanakopita, wanakokatazwa, wanakoogopa. Wasichana wachore peke yao, kwa sababu kona wanayoikwepa huenda haihusu mwendo wa magari bali maneno wanayorushiwa na wanaoegesha hapo. Ramani hizo ziambatanishwe na hesabu zenu, mkiomba jambo moja tu, sehemu moja, na tarehe ya kujibiwa.