Vumbi la paa la zamani na nguo anazofua mke wangu

SWALI: Shikamoo dokta. Mi kibarua huku Nachingwea, tunaezua ghala la zamani lenye yale mabati mazito ya kijivu wanayaita asbesto, bosi anataka tuyakate na grenda ili yaenee kwenye lori. Leo siku ya sita, jioni narudi mweupe hadi kope kama nimetoka mashine ya kusaga, shati mke wangu analikung'uta uani ndo anafua. Mzee mmoja kasema hiyo ni kansa, bosi anasema watu wamelala chini ya hayo mabati tangu mkoloni na wapo. Najifunga kitambaa na nakunywa maziwa, inatosha? Vipande vingine nimeezekea banda la kuku.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Haitoshi, na hiyo grenda kesho isiwashwe kabisa.

Bosi wako anachanganya mambo. Paa likiwa zima nyuzi za asbesto zimeshikwa na saruji, anayelala chini yake hatari yake ni ndogo, ila wewe hulali chini yake, unalisaga. Yale si bati, ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, na ukikata zinaruka nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni na kitambaa hakizizuii, zikifika ndani kabisa ya pafu mwili hauwezi kuziyeyusha. Maziwa yanaenda tumboni, hayafiki huko.

Siku sita si hukumu ya kifo, hatari inaongezeka kadri unavyovuta vumbi zaidi, ndo mana nasema acha sasa. Ukipiga eksirei leo itatoka safi na haitakwambia kitu, mana mapafu kukakamaa au kansa yake huja miaka 10 hadi 40 baadaye, wakati huo unakohoa kila mtu anasema TB na ghala hakuna anayelikumbuka. Kwaiyo nunua daftari uandike tarehe, ghala gani, nani kawaajiri na wenzako kina nani, siku ukidai fidia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, utaulizwa hayo. Sigara kama unavuta acha, ikikutana na asbesto hatari ya kansa ya mapafu inapanda sana.

Kilichoniuma zaidi ni hilo shati. Kuna wanawake wamekufa kwa kansa ya utando wa mapafu na kiwandani hawajawahi kukanyaga, walikuwa wanafua nguo za waume zao tu. Asilikung'ute tena. Badilisha nguo na uoge hukohuko saiti, nguo ziloweke kabla mtu hajazigusa.

Paa linaloweshwa maji, boliti zinafunguliwa taratibu bila kuvunja, linafungwa kwenye nailoni nzito na kuzikwa panaporuhusiwa, na mnavaa barakoa za kuzuia vumbi laini, hizo za P3. Kuwalinda ni wajibu wa mwajiri kwa sheria ya usalama na afya kazini ya 2003, akigoma nendeni OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, mkiwa kundi, usiende peke yako ukafukuzwa.

Vya bandani vimwagie maji, vitoe vizimavizima, vifunge kwenye nailoni uvirudishe kwa bosi, ila kuku wahamishe kwanza wasije wakachakura hilo vumbi.