Usitume hiyo hela ya betri kabla hujaona Ah (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba) kwa macho yako

Wewe wa Mambrui uliyeuliza hapa kama umtumie fundi nusu ya hela ya betri ya gari yako ya haibridi, simama hapo hapo. Usitume hiyo nusu. Nimefika pale ulipoandika fundi amekwambia betri kubwa imekufa na ameshakutafutia nyingine ya hafukati (ya gari kuukuu iliyokatwa ikaletwa kama spea) Mombasa "kwa bei ya kirafiki", tumbo likanikata, maana maneno hayo hayo, mpaka huo urafiki, nishauziwa mimi hapa Malindi, na rafiki mwenyewe siku hizi nikimpigia simu hashiki. Wengine hapo juu wamekujibu kwa upole, ooh muone na fundi mwingine, ooh kila la heri. Upole wangu uliondoka na zile hela.

Yako ni Mitsubishi Outlander PHEV ya 2015, ile haibridi ya petroli na stima ya kuchomeka. Unasema ilikuwa inakwenda kilomita 35 kwa stima peke yake sasa inakata 26, halafu ukipanda Mazeras, ule mlima wa barabara ya Nairobi ukitoka Mombasa, nguvu zinaisha matrela yanakupita, halafu asubuhi zingine dashibodi inawaka taa zote kama harusi lakini mchana hazipo. Hayo yanaweza kuwa mambo matatu mbali mbali, na huyo bwana ameyatia kapu moja akaliandikia bei.

Mimi yangu ilianza na hizo taa. Naamka nataka kwenda Gede, nabonyeza pawa, READY (neno la kwamba gari iko tayari kwenda) haiji, skrini inaleta onyo la stima, onyo la breki, onyo la four-wheel, kila kompyuta ina lalamiko lake. Nazima, nawasha tena, zimeisha. Nikampeleka kwa fundi anayesifika "ndiye wa haibridi mji mzima". Akachomeka ile skana yao ya magari yote, kodi za makosa zikajipanga, hakusoma hata moja, akafunga skana akasema hybrid battery mzee. Yaani ni kama mganga anayekutajia jina la mchawi wako hata hujakaa mkekani. Na mimi nikaona mtu mwenye skana na ovaroli yenye jina kifuani hawezi kuwa mwongo, basi nikatoa laki tatu na ushee. Tatu! Kwa hela hiyo si ningefungua duka la viazi karai hapo Maweni nikae nile faida.

Ngoja nikueleze walivyoibadilisha maana hapa ndipo moyo unaponiuma. Betri ya hii gari iko chini ya sakafu, seli 80 zimefuatana, volti 300, mzigo wa vijana kadhaa na jeki mbili. Zile waya za rangi ya machungwa ndizo zinazoua. Kuna plagi ya usalama unaing'oa kwanza, unasubiri dakika kadhaa stima iliyobaki kwenye inveta, kifaa kinachoipeleka stima ya betri kwenye mota, itoke, unavaa glavu za mpira za kazi hiyo, halafu ndiyo unagusa. Fundi wangu alikuwa na kandambili na kipande cha kitenge. Nikamwuliza glavu ziko wapi akanijibu "mimi nishazoea". Volti 300 nazo zimekuzoea wewe? Lakini nilinyamaza, nikakaa kwenye kreti nanywa soda naona kazi inaendelea. Vijana wakaishusha ya zamani, mmoja akachukua brashi ya rangi nyekundu akaandika juu ya kifuniko herufi za mwisho za namba ya gari yangu ili zisichanganyike. Hiyo rangi nyekundu iweke akilini.

Ya zamani nikaambiwa hii ni skrepa, tutakukatia elfu 15 kwenye bili. Nikashukuru! Nikampa na ya chai.

Siku ya kwanza gari ikaandika kilomita 38, nikapita nayo Lamu Road dirisha wazi najiona waziri. Baada ya muda ikaandika 30, mara 25, mara 21. Sababu yake nimekuja kuijua baadaye sana: kompyuta ya betri haipimi uwezo wa betri palepale, inakisia na kujirekebisha polepole, kwa hiyo ukiibadilishia betri bila kuipimisha upya inaendelea na hesabu ya ile iliyotoka. Ile 38 ilikuwa ni kumbukumbu ya betri yangu mwenyewe niliyoiita skrepa. Kwa wenye mashine ya Mitsubishi yenyewe, MUT-III, kuna zoezi la kupima uwezo upya, linakula saa nyingi, betri inamalizwa halafu inajazwa polepole. Fundi wangu hata jina lake hakulijua.

Kuna mzee mmoja Mtaliano upande wa Casuarina ana gari kama hii, ndiye aliyenifungua macho. Akatoa kidude cha OBD cha bluetooth, cha kusoma kompyuta za gari, akachomeka chini ya usukani, akafungua programu inaitwa PHEV Watchdog kwenye simu, namba ikaja: 26.9 Ah. Akanitazama. Seli za hii gari ni za Ah 40, na gari ikiwa mpya kabisa skrini huleta kama Ah 38 hivi. Maana yake "betri mpya" yangu ilikuwa imebaki kama asilimia 70. Akaniuliza, ya zamani ilikuwa ngapi? Nikakaa kimya. Sikuwa najua. Nilitoa laki tatu kubadilisha kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja aliyekipima, si mimi, si fundi, si skana yake ya mataa.

Sasa sikiliza. Baadaye kijana mmoja wa Kilifi kwenye grupu letu la watsapu akatuma picha kwa furaha, amepata betri "imetoka Japani moja kwa moja, haijagusa barabara ya Kenya", inasoma 31.4 Ah. Nikaikuza ile picha. Kifuniko kina rangi nyekundu na herufi za namba yangu. Japani siku hizi wanaandika namba za Kenya? Betri yangu iko Kilifi inakula maisha, mimi niko Malindi na ya marehemu. Sikumwambia yule kijana kwa muda, nilimwonea huruma, alikuwa amefurahi mno. Fundi nilipomfuata akasema labda vijana walichanganya rangi.

Na zile taa za asubuhi? Zikarudi vilevile na betri mpya juu! Kumbe ilikuwa ile ndogo ya 12V, ile ya kawaida, iko nyuma kwenye buti chini ya sakafu upande wa kulia. Hii gari haina altaneta, ile ndogo inachajiwa na ile kubwa kupitia kibadilisha volti, na ndiyo inayoziamsha kompyuta zote. Ikichoka, asubuhi volti inazama, kompyuta zinaamka nusu nusu na kuanza kushtakiana, ukiwasha mara ya pili zimepata nguvu kidogo zinatulia. Yangu ilikuwa ileile ya Japani, ilikaa melini, ikakaa yadi Mombasa gari haiwashwi, ilikuwa imeshajifia zamani. Niliibadilisha kwa hela ambayo haifiki hata ushuru wa yale majuto. Chukua mita ya fundi stima yeyote, gari ikiwa imezimwa tangu usiku: 12.6 au karibu yake ni nzima, chini ya 12 imeisha chaji au imechoka. Gari ikiwa READY inatakiwa ipande kwenye 14 hivi, isipopanda basi kibadilisha volti ndicho cha kuangaliwa. Na ukinunua nyingine hakikisha ina tundu la kutolea hewa na ule mpira mdogo umechomekwa, iko ndani ya gari hiyo, usiwekewe ya pikapu tu kwa sababu imeenea.

Kwa hiyo mimi nina neno moja na nitalirudia mpaka mnichoke: Ah kwanza, hela baadaye. Kidude cha OBD ni hela kidogo (hivi vya bei ya kutupa vingine ni feki havisomi hii gari, jaribu kabla hujaondoka dukani). Soma ya gari yako wewe mwenyewe. Yako ikija 30 na kitu, na volti za seli zote 80 zimekaribiana, hiyo betri ni mzee tu, haijafa, na kushuka kutoka 35 mpaka 26 nusu yake huenda ni AC yako ya mwezi wa pili. Mwambie huyo bwana na ya Mombasa isomwe ikiwa ndani ya gari, unatazama skrini wewe, unapiga picha skrini ikiwa pamoja na namba ya betri. Kama imeshashushwa iko sakafuni imefunikwa turubai na anakwambia "hii ni safi boss", tembea. Magari yanayoruhusiwa kuingia Kenya hayapiti miaka minane, watu wanadhani basi hafukati ni kitu kichanga, lakini betri ya miaka saba iliyokaa kwenye yadi juani bila kuchajiwa inaweza kuwa mbaya kuliko yako unayoitumia kila siku.

Mazeras. Hilo nalo hata usilipie mtu. Hii gari haina giaboksi ya kawaida, injini ya lita 2 kwa kasi ndogo kazi yake ni kuzalisha stima, na mota mbili, mbele na nyuma, ndizo zinazosukuma. Kupanda mlima mrefu na watu watano na magunia ya nazi, mota zinataka zaidi ya injini inachozalisha, tofauti inatoka kwenye betri. Wewe umetoka nyumbani umeila yote kwa starehe hata Kilifi hujafika, unafika Mazeras haina akiba, kompyuta inabana nguvu, unakuwa kobe. Karibu na gia kuna kitufe cha SAVE, cha kuitunza chaji, na cha CHRG, cha injini kuichaji betri. Ukitoka Malindi tu bonyeza SAVE, au CHRG ukiwa bado barabara tambarare ya Kilifi, ufike mlimani na betri nusu au zaidi. Kumbuka mpaka Nairobi unapanda karibu mita 1,800 kutoka baharini, fanya hivyo tena kabla ya Sultan Hamud. Betri iliyozeeka inakuwa kobe mapema zaidi, ndiyo, lakini hata mpya ukiiendesha hivyo itakuwa kobe.

Usiichaji ikajaa ukaiacha juani kutwa, lithiamu na joto la kwetu hazipatani. Weka saa imalizie alfajiri. Na gesi ya AC ikiisha usikae nayo hivyo hivyo ukasema utafungua madirisha, ile gesi ndiyo inayoipoza betri pia.

Uliuliza kebo na sola pia, na kitu kuhusu bima, sasa sikumbuki. Kebo ya Japani usiikate kichwa ukafunga plagi ya pasi, hilo tu najua. Sola waje wenye sola.

Kidude ninacho. Ijumaa baada ya swala niko mjini, kutoka Mambrui ukivuka daraja la Sabaki umefika, njoo tusome bure, dakika tano. Huyo bwana akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anaitaka leo leo, mwambie ampe. Halafu muulize hiyo betri ya Mombasa ina rangi gani juu ya kifuniko.